Krimu moja, ahadi tano: Namna ya kuijaribu usoni bila kujuta

TYUBU ni moja, lakini ahadi zilizoandikwa ubavuni mwake ni tano: huosha uso, hukausha chunusi, hufuta madoa, hulainisha ngozi na kuikinga dhidi ya jua.

Bidhaa za aina hii zimejaa katika rafu za maduka ya vipodozi, kuanzia River Road jijini Nairobi hadi vituo vidogo vya biashara mashambani. Kwa kijana ambaye uso wake haupumziki kwa chunusi, na ambaye mfuko wake haumruhusu kununua chupa tano kwa mpigo, krimu moja ya kazi nyingi huonekana kuwa nafuu kubwa.

Wahenga walinena kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Hata hivyo, si kila krimu ya kazi nyingi inastahili kupuuzwa. Zipo zilizofanyiwa utafiti wa kina na kuidhinishwa na mamlaka za dawa. Zipo pia zinazompa mtumiaji uso laini kwa wiki mbili kisha zikamwachia majuto ya miaka.

Tofauti baina ya makundi haya mawili haionekani kwenye tangazo. Imo katika mambo mawili: kile kilichomo ndani ya tyubu, na muda kinaochukua kufanya kazi.

Chunusi hutokana na nini?

Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo kuna tezi nyingi zinazotoa mafuta ya kuilainisha ngozi. Mtoto anapobaleghe, homoni huzichochea tezi hizo kutoa mafuta kwa wingi zaidi.

Wakati huohuo, seli za ngozi zilizokufa hushindwa kutoka ipasavyo na kuziba vitundu vya vinyweleo. Mafuta hukwama humo, na bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi bila madhara makubwa huongezeka. Mwili hupambana nao, na matokeo yake ni uvimbe, wekundu na usaha.

Kwa hivyo chunusi si ugonjwa wa uchafu. Kuusugua uso kwa sabuni kali mara tano kwa siku hakuziondoi, bali huichubua ngozi na kuongeza uvimbe.

Inakadiriwa kwamba vijana wapatao asilimia 85 walio kati ya umri wa miaka 12 na 24 hupatwa na chunusi kwa kiwango fulani. Watu wazima pia hawakusazwa, hasa wanawake, ambao aghalabu huzipata karibu na kidevu siku chache kabla ya hedhi.

Mafuta mazito ya nywele nayo huchangia. Mwaka 1970, watafiti nchini Marekani walieleza aina ya chunusi za kipaji cha uso zilizowapata watu waliopaka mafuta hayo kichwani kila siku. Anayesumbuliwa na vipele karibu na mstari wa nywele angefaa kuchunguza kopo la mafuta ya nywele kabla ya kununua krimu yoyote ya uso.

Aidha, si kila kipele ni chunusi. Wanaume wengi hupata vipele shingoni na kidevuni baada ya kunyolewa kwa sababu nywele zilizojikunja huchoma ngozi zinapoota tena. Krimu ya chunusi haitamfaa sana mtu wa aina hiyo iwapo kinyozi ataendelea kumnyoa hadi kwenye shina la unywele.

Kila kiambato na kazi yake

Kwa kuwa chunusi zina visababishi kadhaa vinavyofuatana, ni jambo la busara kutaka bidhaa inayovikabili vyote. Ila kila kiambato kina kazi yake mahususi.

Asidi ya salisiliki, ambayo katika bidhaa zinazouzwa bila agizo la daktari huwa kati ya asilimia 0.5 na 2, huingia ndani ya vitundu vyenye mafuta na kulegeza seli zilizovizi­ba. Hufaa zaidi nukta nyeusi na nyeupe kuliko vipele vikubwa vyenye usaha.

Benzoili peroksaidi huua bakteria, na tofauti na dawa za antibiotiki, bakteria hao hawajaonekana kujenga usugu dhidi yake. Huuzwa kwa nguvu ya asilimia 2.5, 5 au 10. Wengi hukimbilia ile ya 10 wakidhani ndiyo itakayowaponya upesi, ilhali utafiti umeonyesha kwamba ile ya 2.5 hupunguza chunusi karibu sawa na zenye nguvu zaidi, tena bila kuwasha sana. Anayeitumia akumbuke kwamba hupausha foronya, taulo na nguo za rangi.

Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, hutuliza uvimbe na kusaidia madoa kufifia polepole. Asidi ya azelaiki hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hupunguza chunusi na pia hufifisha madoa yanayobaki. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huipendelea kwa watu wenye ngozi nyeusi.

Kundi la mwisho ni retinoidi, dawa zinazotokana na vitamini A, ambazo huzuia vitundu kuziba tangu mwanzo. Mojawapo ni adapalini, ambayo mwaka 2016 Marekani iliruhusu ile ya asilimia 0.1 iuzwe bila agizo la daktari. Retinoidi hazifai kutumiwa na mwanamke mjamzito au anayepanga kushika mimba.

Je, vyote vyaweza kuingia katika tyubu moja?

Jibu ni kwamba baadhi vyaweza. Mnamo mwaka 2008, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kupaka yenye adapalini na benzoili peroksaidi kwa pamoja. Mwaka 2023 iliidhinisha nyingine yenye viambato vitatu, hivyo viwili pamoja na antibiotiki iitwayo klindamisini.

Michanganyiko hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa kabla ya kufika madukani, na kiwango cha kila kiambato kimeandikwa wazi. Haikuzuka jikoni mwa mtu, wala haikukorogwa nyuma ya kaunta.

Hata hivyo, kuna ahadi zinazogongana. Retinoidi iitwayo tretinoini, kwa mfano, huharibiwa na mwanga wa jua, na aina zake nyingi hudhoofishwa pia na benzoili peroksaidi. Ndiyo maana huagizwa kupakwa usiku, peke yake. Nayo krimu ya kukinga jua hupakwa mchana na kubaki usoni kwa saa kadhaa. Bidhaa inayodai kuosha uso na papo hapo kuukinga dhidi ya jua ina kazi ya kueleza, kwa maana kinachooshwa na maji hakiwezi kubaki usoni kama kinga.

Bidhaa zinazotumika kama sabuni, kisuguo na barakoa kwa pamoja nazo zina kikomo chake. Kiambato kinachokaa usoni kwa nusu dakika kabla ya kusuuzwa hakifanyi kazi sawa na kile kinachoachwa hadi asubuhi. Isitoshe, chembechembe za kusugua huweza kupasua vipele vyenye usaha na kuzidisha madoa.

Madoa na makovu

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mara nyingi kinachoumiza moyo si chunusi yenyewe bali alama inayobaki. Ngozi inapovimba, hutoa kwa wingi rangi iitwayo melanini, na kipele kinapopona huacha doa jeusi.

Doa la namna hii si kovu. Kovu ni shimo au kinundu kinachotokana na kuharibika kwa tabaka za ndani za ngozi, na hakuna krimu ya dukani inayoweza kulifuta. Doa, kwa upande mwingine, hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa, mradi vipele vipya visitokee na ngozi isiungue kwa jua.

Hii ndiyo sababu ya kupaka mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, hata kwa mtu mweusi. Pia ndiyo sababu ya kutobinya chunusi kwa kucha.

Dawa za jikoni nazo zitumiwe kwa tahadhari. Maji ya ndimu au limau yakipakwa usoni kisha mtu akatoka juani, huweza kusababisha malengelenge na madoa meusi kuliko yale aliyotaka kuyaondoa. Dawa ya meno hukausha kipele lakini huichoma ngozi inayokizunguka.

Wanawake wa pwani wamejipamba tangu jadi kwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na marashi. Ni urembo wenye heshima yake na harufu ya kupendeza, lakini haupaswi kuchukuliwa kuwa tiba ya chunusi zenye usaha.

Jihadhari na krimu ya siku tatu

Hatari kubwa zaidi ni krimu inayofanya kazi upesi kupita kiasi. Hakuna kiambato halali cha chunusi kinachosafisha uso mzima kwa siku tatu. Bidhaa inapofanya hivyo, kuna uwezekano kwamba ina steroidi.

Steroidi za kupaka, kama vile klobetasoli na betamethasoni, ni dawa muhimu kwa magonjwa fulani ya ngozi zinapotolewa na daktari kwa muda maalumu. Kuna krimu za dawa ambazo huchanganya steroidi, dawa ya ukungu na antibiotiki katika tyubu moja. Kwa sababu hutuliza karibu kila aina ya upele kwa muda, watu wengi huzifanya mafuta ya uso ya kila siku.

Mwanzoni mambo huwa mazuri. Uvimbe hunywea, ngozi hung'aa na marafiki huuliza siri ya urembo huo. Baada ya wiki au miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, nywele huota mashavuni na vipele vipya hufumuka. Mtumiaji anapojaribu kuacha, uso huwaka na kuwasha, naye hulazimika kuirudia krimu ileile iliyomdhuru.

Nchini India, tatizo hili limeenea kiasi kwamba madaktari wa ngozi wamelipa jina lake mahususi: uso ulioharibiwa na steroidi.

Kemikali nyingine mbili za kuepukwa ni haidrokwinoni na zebaki, ambazo hutiwa katika bidhaa za kujichubua zinazouzwa kwa jina la kuondoa madoa. Nchini Kenya, vipodozi vyenye kemikali hizi vimepigwa marufuku.

Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kugeuza ngozi kuwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi, hali iliyoelezwa na daktari mmoja wa Afrika Kusini mwaka 1975. Nchi hiyo baadaye iliiondoa kemikali hiyo katika vipodozi.

Zebaki nayo hupenya ngozi na kuingia mwilini, ambamo huweza kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Chini ya Mkataba wa Minamata, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, mataifa yalikubaliana kwamba vipodozi vyenye zaidi ya miligramu moja ya zebaki kwa kila kilo visitengenezwe wala kuuzwa kuvuka mipaka baada ya mwaka 2020. Mwaka 2023, mataifa hayo yaliamua kuondoa hata kiwango hicho kidogo, na kuweka mwaka 2025 kuwa kikomo cha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki.

Kusoma maandishi ya tyubu

Kabla ya kulipa, mnunuzi aigeuze tyubu na kusoma orodha ya viambato. Kwa kawaida kiambato kilicho kingi zaidi hutangulia. Ikiwa kile kinachosifiwa kwenye tangazo kiko mwisho kabisa baada ya manukato, huenda kimetiwa kidogo mno.

Majina yanayoishia kwa herufi "sone" au "olone" mara nyingi ni steroidi, na bidhaa yenye majina hayo ni dawa wala si kipodozi. Bidhaa isiyo na orodha yoyote, isiyotaja mtengenezaji wala tarehe ya mwisho ya matumizi, au iliyopakiwa katika kopo lisilo na jina, haifai kupakwa usoni hata ikitolewa bure.

Alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, nayo ikaguliwe. Kwa upande wa dawa, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo yenye jukumu la kuzisajili, na mfamasia aliyehitimu anaweza kueleza kama tyubu fulani ni dawa au ni mafuta ya kawaida.

Jaribio la wiki 12

Baada ya kuridhika na yaliyomo, jaribio lenyewe laweza kuanza. Kanuni ya kwanza ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati. Anayeanza sabuni mpya, krimu mpya na mafuta mapya siku moja hataweza kujua kipi kilimfaa na kipi kilimdhuru.

Hatua ya kwanza ni kupaka kiasi kidogo mara mbili kwa siku kwenye sehemu moja ya upande wa ndani wa mkono, kwa muda wa siku saba hadi 10. Ngozi ikiwasha, ikivimba au kutoa malengelenge, krimu hiyo iachwe.

Hatua ya pili ni kuijaribu kwenye sehemu moja au mbili ndogo zenye chunusi kwa siku tatu. Ushauri huu ulitolewa na FDA mwaka 2014, baada ya ripoti za watu wachache waliopata mzio mkali kutokana na bidhaa zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisiliki. Kuvimba midomo, koo kubana au kupumua kwa shida ni dharura ya kukimbizwa hospitalini.

Hatua ya tatu ni kuanza uso mzima. Ikiwa krimu ni ya kuachwa usoni, kiasi cha punje moja ya njegere hutosha. Ipakwe usiku mmoja na kurukwa usiku unaofuata kwa wiki mbili za kwanza, kisha iongezwe kadiri ngozi inavyostahimili. Ipakwe sehemu yote inayopata chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa kuwa lengo ni kuzuia vile ambavyo havijajitokeza.

Ukavu kidogo na kubanduka kwa ngozi ni jambo la kawaida mwanzoni. Mafuta mepesi yasiyo na manukato husaidia. Retinoidi huweza hata kuzidisha vipele katika wiki chache za mwanzo kabla ya hali kutulia, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuitupa tyubu.

Mtumiaji apige picha ya uso wake mara moja kwa wiki, mahali pamoja na penye mwanga uleule. Kioo cha kila asubuhi hudanganya kwa sababu mabadiliko huja polepole mno kiasi cha kutoonekana. Picha ya wiki ya kwanza ikiwekwa kando ya ile ya wiki ya nane, ukweli hujulikana.

Dalili za kwanza za nafuu huonekana baada ya wiki sita hadi nane, na hukumu kamili hutolewa baada ya wiki 12. Hesabu za fedha pia zifanywe kwa kipimo hicho. Krimu ya bei ghali isiyoweza kununuliwa tena mwezi wa pili haina faida kuliko ya bei nafuu itakayotumika bila kukatizwa.

Tyubu yenye benzoili peroksaidi ihifadhiwe mahali pasipo joto, kwa kuwa joto huweza kuifanya itoe kemikali hatari iitwayo benzini. Mwaka 2025, FDA ilitangaza matokeo ya kupima bidhaa 95 za chunusi na kusema nyingi hazikuwa na tatizo, ingawa chache ziliondolewa madukani.

Lini umwone daktari

Baadhi ya chunusi hazifai kuachiwa krimu ya dukani. Vinundu vikubwa vyenye maumivu chini ya ngozi, vipele vinavyoacha mashimo, au chunusi zilizoenea mgongoni na kifuani zahitaji daktari mapema, kabla ya makovu kujijenga. Mwanamke ambaye chunusi zake zimeandamana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kuota kidevuni pia apimwe, kwani huenda ni dalili ya hitilafu ya homoni.

Kadhalika, aliyetumia krimu yenye steroidi kwa miezi mingi asiiache ghafla na kujifungia chumbani kwa aibu. Amwendee daktari wa ngozi na kumwonyesha tyubu yenyewe, ili asaidiwe kuachana nayo kwa utaratibu.

Na ikiwa wiki 12 zimepita bila mabadiliko yoyote, kosa si la mtumiaji. Ni ishara kwamba ngozi yake yataka kiambato kingine, au mkono wa mtaalamu.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tyubu yenye ahadi tano yaweza kuwa nzuri au mbaya, na kinachoitambulisha si ukubwa wa sifa zake bali ni orodha fupi iliyoandikwa kwa herufi ndogo mgongoni mwake. Anayeisoma kabla ya kufungua mfuniko, kisha akaipa ngozi yake muda, atakuwa ameshaepuka hasara kubwa zaidi. Pesa hutafutwa tena, lakini ngozi ya uso haina ya akiba.